Ile chuma ya nyuma ya jiko

Wandugu wa chama, najua wengine wenu mmenichoka. Kila tukikutana, hata kwenye matanga, mimi naingiza habari za pikipiki. Basi mkaniambia: andika yote mara moja, weka kwenye ukurasa, halafu utuachie amani. Sawa. Leo naandika juu ya vitabu vya historia ya pikipiki za zamani, ambavyo navisoma tangu miaka ya chuo. Ila siwezi kuanzia kwenye vitabu. Naanzia nyuma ya jiko la koko wangu mwanamke, huku Bengamisa, kilometa kama 50 kutoka Kisangani kwenye barabara ya Banalia na Buta.

Ilikuwa Desemba. Nimefika asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno, nakuta mdogo wangu anabishana bei na mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Watu hao wanatoka mjini na mizani ya kuning'iniza na magunia, wanapita nyumba kwa nyumba. Chini walikuwa wamepanga sufuria zilizotoboka, jembe lisilo na mpini, vipande vya bati, na ile chuma. Ile chuma naijua kuliko ninavyojua darasa langu la kwanza. Ilikuwa pale kabla sijazaliwa. Juu yake tulipasulia ngazi, yaani kokwa za mchikichi, miaka yote ya utoto. Kidole changu cha kushoto kina alama yake mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuuliza ni chuma ya nini. Ilikuwa chuma ya kupasulia ngazi, basi.

Siku hiyo walikuwa wameigeuza ili waipime, na upande uliokuwa umezikwa kwenye udongo ulikuwa juu. Nikainama, nikapangusa matope kwa jani la ndizi. Pembeni ya karteri kukatokea alama: bunduki imelazwa juu ya pedali za baiskeli, na herufi mbili, F na N. Nikapiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka.

“Yaya, iko nini?”

“Usiuze!”

“Lakini iko paka chuma.”

Mnunuzi alitazama uso wangu, akapandisha bei palepale. Mwenye akili yule. Mwacheni hapo na mizani yake ikining'inia, nitamrudia.

Ile alama niliijua kutoka vitabuni. Nilikuwa G2, Kisangani, rafiki mmoja aliponitumia faili la kitabu cha Hugo Wilson, ensiklopedia ya pikipiki iliyotoka mwaka 1995. Kiingereza changu kilikuwa cha kutafuta neno moja moja, lakini picha hazihitaji kamusi. Mchana nachaji simu kibandani, usiku nasoma mpaka betri inakufa. Wenzangu walikuwa wanatazama mechi. Mimi natazama Vincent ya 1948 na mabomba yake yanayong'aa, najiuliza mtu anaiosha na nini.

Kabla sijaendelea, neno lenyewe. Sisi huku tunasema “moto”. Ukimwambia Mtanzania “moto yangu iko nje”, atakimbilia ndoo ya maji. Na kwa Lingala moto ni mtu, ukigeuza sauti kidogo ni moto wa kuwaka. Kwa hiyo nitaandika pikipiki, isipokuwa pale wenyewe wanapoongea.

Vitabu hivi vina ugonjwa mmoja mtamu: kutafuta nani alikuwa wa kwanza. Wafaransa wana baiskeli yao ya mvuke ya Michaux na Perreaux. Wajerumani wana mashine ya mbao ya Gottlieb Daimler ya mwaka 1885, yenye magurudumu mawili madogo ya pembeni kama baiskeli ya mtoto. Inasimuliwa kwamba katika safari yake ya kwanza kiti kilishika moto, na huo ni moto wa kweli, si wa kwetu. Halafu wanakuja Hildebrand na Wolfmüller wa Munich, 1894, waliotengeneza pikipiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Waandishi wanaweza kubishana kurasa ishirini juu ya hao watatu, na mimi nitazisoma zote ishirini. Sioni haya.

Ila kuna kitu kilianza kunisumbua. Katika kitabu cha Wilson pikipiki zimepigwa picha juu ya ukurasa mweupe kabisa. Hakuna barabara. Hakuna matope. Hakuna mtu. Mwaka 1998 jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, lilipanga pikipiki zaidi ya 100 kwenye korido yake inayopanda kwa kuzunguka, watu wakapanga foleni kama kwenye tamasha, na kitabu cha maonyesho hayo kikawa kama Biblia ya wapenzi. Ni kizuri sana. Nacho kinafanya vilevile: kinazisimamisha kama sanamu. Mtu wa Bengamisa anajua kwamba pikipiki bila barabara na bila mzigo haijaanza kuwa pikipiki.

Tuje kwenye FN, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nipige kelele. Fabrique Nationale ilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, ili kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Kiwanda kikishajengwa na mashine za kukata chuma kwa usahihi wa unywele zimeshanunuliwa, bunduki zikiisha utafanya nini? Wakaanza baiskeli. Kisha wakaweka injini kwenye baiskeli. Ndiyo maana ya ile alama, bunduki juu ya pedali. Mwaka 1905 mhandisi wao Paul Kelecom aliwapa watu pikipiki ya silinda nne, isiyo na mnyororo bali mhimili wa kuzungusha gurudumu la nyuma, wakati wengi bado walikuwa wanahangaika na silinda moja na mkanda wa ngozi. Wapenzi wa Ubelgiji wakiitaja ile ya silinda nne wanashusha sauti kama wako kanisani.

Na FN haikuwa peke yake. Saroléa, jirani yake pale Herstal, ilianza kama karakana ya silaha. BSA ya Waingereza, jina lake lenyewe ni kifupi cha silaha ndogo za Birmingham. Husqvarna ya Sweden ilikuwa kiwanda cha bunduki tangu 1689. Jawa ya Wacheki ilianzishwa na mtengeneza silaha. Royal Enfield, ambayo leo inatengenezwa India, ilijisifu kwamba inaundwa kama bunduki. Vitabu vinasimulia jambo hili kwa tabasamu, kama hadithi ya kifungua kinywa: tazama, chuma iliyokusudiwa kuua ikageuka kuwa ya kusafiria! Kweli, inapendeza. Lakini sisi tulipata vyote viwili kutoka mlango mmoja. Herstal ndiyo ilitoa bunduki ya FAL, ambayo wazee wa Kisangani waliiona mikononi mwa makomando wa Kibelgiji tarehe 24 Novemba 1964, mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Kwa mwenye kuisoma historia ya FN akiwa huku, ile alama haina nusu ya bunduki na nusu ya pedali. Iko nzima.

Sasa tairi. Hapa ndipo nitawaomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo vitabu vyangu ninavyovipenda vinanikasirisha.

Kila kitabu cha historia ya pikipiki kina aya moja juu ya John Boyd Dunlop. Mskoti, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu inayomtikisa juu ya mawe, baba akafunga mpira uliojazwa hewa kwenye magurudumu, mtoto akafurahi, baba akasajili uvumbuzi wake. Mwaka 1888. Bila tairi la hewa hakuna baiskeli ya kila mtu, na bila baiskeli ya kila mtu hakuna pikipiki. Aya inaisha, tunaingia kwenye injini.

Mwaka uleule wa 1888, mwezi wa Julai, kulitokea jambo Banalia, makao ya teritwari yetu. Meja Barttelot, Mwingereza aliyeachwa nyuma na Stanley na mizigo ya msafara wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, aliuawa kwa risasi pale pale kando ya Aruwimi. Aliyempiga alikuwa kiongozi mmoja wa wapagazi, aitwaye Sanga, baada ya meja kutoka alfajiri na hasira kwa sababu mwanamke alikuwa anapiga ngoma. Wapagazi hao walikuwa wametolewa na Tippu Tip, mtu wa Unguja, ambaye mwaka 1887 Mfalme Leopold alikuwa amemfanya wali wa Stanley Falls, yaani wa Kisangani yetu. Kabla ya risasi kulikuwa na ubishi wa miezi: wapagazi wako wapi, na mzigo wa mtu mmoja uwe na uzito gani. Ukitaka kujua kwa nini mimi na wewe tunaandikiana Kiswahili hapa katikati ya msitu, jibu moja liko kwenye ile mizigo. Lugha ilikuja na watu waliobeba.

Kwa hiyo mwaka mmoja: Belfast, mtoto hataki kutikiswa, Banalia, watu wanauana juu ya mizigo ya kichwani. Halafu nyuzi mbili zikafungwa pamoja. Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli, zikahitaji mpira. Mpira ulikuwa kwenye mitambaazi ya msitu wetu. Dola Huru ya Kongo ilitoa tani kama 100 mwaka 1890. Mwaka 1901 ilitoa tani 6,000. Hizo tani hazikupanda kwa sababu watu walipenda kazi. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume warudi na vikapu vimejaa, mikono ilikatwa, vijiji vilichomwa. Adam Hochschild aliandika yote hayo mwaka 1998 katika kitabu chake juu ya Leopold, mwaka uleule wa maonyesho ya Guggenheim. Vitabu viwili vya mwaka mmoja, na ukivisoma pamoja utashangaa kwamba vinazungumza juu ya kitu kimoja bila kusalimiana.

Na haikuisha 1908, Ubelgiji ilipoichukua nchi mikononi mwa mfalme. Mpira wa mashamba ya Asia uliupiku wa porini, watu wakapumua. Kisha mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Malaya, Washirika wakakosa mpira, na wakoloni wakawarudisha wazee wetu msituni kutafuta mitambaazi ileile. Siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Vitabu vya pikipiki za kijeshi za vita ile, ambavyo ni vingi na vinene, vitakuambia skrubu ya kaburetta iligeuzwa mara ngapi. Juu ya mpira ulioko chini ya pikipiki hizo, kimya.

Sisemi hivi ili mvitupe. Mimi mwenyewe sitavitupa. Nasema tu kwamba nikifika kwenye ile aya ya Dunlop naisoma polepole, na naongeza yangu kichwani.

Vitabu vya safari ni jamii nyingine, na hivyo angalau vina matope. Robert Pirsig, 1974, anayejulikana kuliko wote, anaonya mwenyewe mwanzoni kwamba tusimtegemee sana kwa mambo ya pikipiki, nimemtii, nimemwacha. Ted Simon ni mwingine. Alitoka London Oktoba 1973 na Triumph ya 500 cc, akazunguka dunia miaka minne, kitabu chake kikatoka 1979. Alipitia Sudan, Kenya, Tanzania, hakutufikia sisi, lakini anaandika juu ya watu aliokutana nao kuliko juu ya injini, na ndiyo sababu nampa mkono.

Ninaowapenda zaidi ni wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Tarehe 11 Desemba 1934 waliondoka London na pikipiki ya Panther ya 600 cc, yenye kigari cha pembeni na trela nyuma yake, kwenda Cape Town. Jangwa la Sahara walilivuka bila dira. Injini iliwafia jangwani, ikabidi wavutwe mpaka Agadez, wakaifungua yote na kuiunda upya kwa mikono yao. Kongo ya Wabelgiji wakaikatiza, wakaingia Uganda, Kenya, Tanganyika, na mwisho wa Julai 1935 wakafika Cape Town. Kitabu cha Wallach juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 2001 tu, mwandishi ameshafariki. Dada zangu mnaosoma hapa na kuambiwa kwamba ufundi wa moto ni wa wanaume, kitafuteni.

Na kuna Guevara. Wengi mmeona filamu ya 2004. Mwaka 1952 kijana wa udaktari anapanda Norton kuukuu pamoja na rafiki yake Alberto Granado, pikipiki inawafia Chile, wanaendelea kwa miguu na kwa kuomba lifti. Kisichoonyeshwa kwenye filamu ni kwamba mtu huyo, Aprili 1965, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akaingia upande wa Fizi kupigana pamoja na waasi wa kwetu. Yeye na wenzake walichukua majina ya Kiswahili ya kuhesabia: Moja, Mbili, Tatu. Yeye alikuwa Tatu. Miezi saba baadaye aliondoka, na daftari lake la Kongo linakiri tangu mwanzo kwamba ni habari ya kushindwa. Safari hiyo ilikuwa ya miguu na mizigo mgongoni, na wakulima waliombwa wabebe. Mwenye kupenda kitabu cha pikipiki asome na hili la pili. Ni la mtu yuleyule, ila pikipiki haipo.

Katika vitabu vya safari kuna mahali pamoja ambapo sasa napangojea kila mara. Pikipiki inazama kwenye tope. Wanaume wa kijiji wanatokea, wanaiinua, wanaisukuma mpaka ng'ambo. Wanapewa asante, pengine sigara. Ukurasa unageuka. Hawana majina. Zamani nilikuwa napita hapo haraka ili nirudi kwa shujaa.

Nirudi basi kwa mizani. Kelele zangu zilimtoa koko ndani. Ana zaidi ya miaka themanini, anatembea na fimbo, na sikio moja tu ndilo linafanya kazi, ila linatosha. Nikamwonyesha alama. Hakushtuka hata kidogo.

“Ile iko moto ya muzungu wa kilimo,” alisema. “Koko yako alikuwa boi wake.”

Miaka yangu yote hakuna aliyenieleza. Kumbe hakuna aliyeuliza. Akakaa juu ya kigoda, na mnunuzi naye akakaa juu ya magunia yake, maana hadithi ni hadithi. Koko wangu mwanamume, kijana wa miaka ya hamsini, alikuwa anafanya kazi kwa ajenti wa kilimo aliyekuwa akipita vijijini kukagua mashamba ya pamba na mpunga. Nikamwambia, nikiwa na picha za vitabuni kichwani: kwa hiyo alikuwa anapandishwa nyuma ya moto? Koko alicheka mpaka akakohoa.

“Apandishwe? Yeye na wenzake walikuwa wanatangulia kwa miguu na dumu la esanse. Mvua ikinyesha, wanarudi kutosha moto kwenye potopoto. Mutoni wanafunga miti miwili, wanaibeba kwa mabega, batu bane, na muzungu anafuata nyuma na viatu mukononi. Banasema moto ilibeba muzungu. Siye tuliona batu banabeba moto.”

Wandugu, nimesoma maelfu ya kurasa. Nimesoma juu ya uma za mbele, vali za pembeni, sumaku za cheche. Hiyo sikuwa nimeisoma popote.

Baada ya uhuru ajenti aliondoka, pikipiki ikabaki. Koko mwanamume aliipanda mwenyewe, alijifunza kwa kuanguka. Aliipanda miaka michache, mpaka 1964, wakati wa Wasimba, esanse ilipokosekana na kumiliki moto kukawa kujitafutia kifo. Akaifungua vipande akavificha. Tangi likawa la kuwekea mawese hadi likaoza. Mnyororo ulifungia mtumbwi. Injini ilikuwa nzito kuhama, ikabaki nyuma ya jiko.

Niliilinganisha na picha kwenye simu. Silinda moja, vali za pembeni, kichwa hakipo, pistoni imeshikana na kutu ndani kama jino. Ni ya ile familia ya silinda moja ambayo FN iliuza kabla na baada ya vita ya pili. Namba ya injini inasomeka nusu.

Zilizokuja baada yake mnazijua, na historia yake ni tamu vilevile. Wajerumani wa DKW walikuwa na pikipiki ndogo, RT 125. Baada ya vita washindi wakaigawana kama nyama: Waingereza wakatoa BSA Bantam, Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa yao, Warusi yao, na Japani kiwanda kilichokuwa kikitengeneza piano na vinanda kikaiiga mwaka 1955 na kuiita YA-1. Kiwanda hicho ni Yamaha. Kutoka huko zikazaliwa DT za mapadri, na AG 100 za watu wa chanjo, ile iliyoundwa kwa wafugaji wa Australia na New Zealand na kukuta kwamba barabara ya Buta ni mbaya kuliko malisho ya kondoo. Honda yeye alitoa Super Cub mwaka 1958. Mwaka 2017 zilikuwa zimefika milioni 100, hakuna chombo cha injini duniani kilichoundwa kwa wingi hivyo. Kwenye vitabu, Super Cub inapewa ukurasa mmoja wa heshima, kisha wanarudi kwa Vincent.

Na Boxer ya Bajaj, iliyozaliwa India kutokana na ushirikiano na Kawasaki? Na TVS? Hizo ndizo zimeibeba Tshopo. Wakati wa vita, Kisangani ilipofungwa, mto umekatika na esanse ni dhahabu, toleka ndizo zilitubeba, baiskeli zenye mto wa kukalia nyuma. Wengi wetu tulifika shuleni, hospitali na sokoni kwa miguu ya mtu mwingine. Baadaye pikipiki za Asia zikaingia, na vijana walewale wa pedali wakawa motari. Wauza esanse wa chupa, wale tunaowaita Kadhafi, wakajipanga barabarani. Leo tazama motari anayetoka Bengamisa kwenda mjini. Mafundi wamemchomelea keria ndefu ya chuma, wameongeza springi kwenye shokomzoba za nyuma, wamefunga vyuma vya kulinda miguu. Juu yake kuna madumu ya mawese, ndizi, makaa, mama na mtoto. Nimeona pikipiki ikimpeleka mama wa uchungu, na nimeona nyingine ikibeba jeneza limelazwa kwa upande. Mzungu akibadilisha uma wa mbele wa Norton yake mwaka 1950, kuna kitabu chenye jina lake na picha. Ile keria ya Kisangani, nani aliichomelea ya kwanza? Alikuwa na karakana mtaa gani? Bado yuko hai, mtu wa namna hiyo, pengine ana miaka hamsini tu. Anakunywa chai saa hizi.

Na wapagazi wanne wa mtoni, koko aliniambia majina yao. Nimeyaandika kwenye daftari, pamoja na ya koko wangu, na kijiji cha kila mmoja. Wawili wana wajukuu hapa hapa Bengamisa. Mmoja wa hao wajukuu ndiye motari aliyenileta asubuhi ile. Hakujua. Nilipomwambia jioni alinyamaza, kisha akauliza kama mzungu alikuwa anawalipa.

Swali hilo nilimpelekea koko. Alisema walilipwa chumvi.

Mnunuzi wa vyuma aliondoka bila ile chuma. Nilimlipa mdogo wangu bei ileile ya kilo, ya baada ya kupandishwa, maana haki ni haki na ada ya shule ya mtoto wake ndiyo ilikuwa imemsukuma kuuza. Nikafunga safari na mipango yangu yote: nitaipeleka Kisangani, nitaitia mafuta ya kulegeza kutu, nitatafuta wapenzi wa Ubelgiji wanisaidie namba. Nikamwomba motari aandae kamba. Tulikuwa tunaiinua, yeye na mimi, kilo ishirini na kitu, koko akagonga fimbo chini.

“Munaipeleka wapi?”

Nikamweleza. Herstal, vitabu, makumbusho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa lile sikio zima.

“Na ngazi zangu nitapasulia wapi?”

Kwa hiyo wandugu, nina picha kumi na nane kwenye simu, vipimo nilivyochukua kwa utepe wa fundi cherehani, na nusu ya namba. Injini yenyewe iko mahali pake. Tuliigeuza tu, ile alama sasa inatazama juu.